Simu Ni Yako, Neno la Mwisho Ni la Nani?

Hotuba kwa mafundi simu, walimu wa kompyuta na wanafunzi wa ufundi, Mtwara Mjini

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, mafundi wa Soko Kuu na wa stendi ya Mkanaledi, vijana wa VETA, na ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Nanyamba, Mtama na Lindi, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya programu huria, yaani programu ambazo mtumiaji ana ruhusa ya kuzichungulia ndani, kuzibadili na kuzigawa. Naomba niingie kwa swali ambalo fundi analo mkononi kila siku kabla hata hajashika bisibisi: hiki kifaa ni cha nani? Mteja anasema ni changu, risiti hii hapa. Simu yenyewe inasema vingine. Inakataa kioo ulichoifungia kwa sababu hakikutoka kwa aliyeitengeneza. Inakataa kuondolewa programu ambayo mwenyewe hakuiweka, haitumii, na inamlia bando. Inakataa kuwekewa mfumo mpya, ilhali ule wa zamani ulishaachwa na kampuni. Mwenye risiti amelipa fedha yote, lakini neno la mwisho amebaki nalo mtu wa mbali asiyemjua, ambaye hata namba yake hana.

Mimi naliona hili kuwa jambo la haki. Na sisi wa Kusini linatuuma kuliko wengi.

Mzozo wenyewe ni wa zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1980 hivi, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ililetwa printa mpya ya Xerox. Ilikuwa inakwama karatasi, na ilikaa mbali na watumiaji wake, hivyo mtu anatuma kazi, anakuja kuichukua baadaye, anakuta haijatoka. Kijana mmoja wa pale, Richard Stallman, alijua dawa yake. Printa ya zamani alikuwa ameshaitengenezea programu ya kuwajulisha watu kwamba karatasi imekwama. Safari hii hakuweza, maana printa ilikuja bila msimbo wa programu yake, yale maandishi ambayo mwandishi wa programu huyaandika na mwenzake akayasoma. Akamwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao. Akanyimwa, kwa kuwa yule bwana alikwishatia saini kwamba hatampa mtu. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtumiaji hatafungiwa mlango, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huria.

Wenye steshenari mlioko hapa mnayajua haya kwa mikono yenu. Septemba 2016 printa nyingi za HP katika nchi mbalimbali ziliamka siku moja zikakataa katriji za wino za makampuni mengine, ambazo jana yake zilikuwa zikizikubali. Agizo la kukataa lilikuwa limeshawekwa ndani, likisubiri siku yake. Watu walipiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kutoa programu ya kurudisha hali ya awali, ila utaratibu wa kukataa wino wa wengine uko kwenye printa zake nyingi mpaka leo. Angalieni kilichotokea pale. Printa iko dukani kwako, umeme unalipa wewe, karatasi zako, mteja wako amesimama anasubiri nakala ya cheti, halafu uamuzi umefanyika bila wewe.

Uhuru ambao Stallman na wenzake waliudai una mambo manne: uitumie programu kwa shughuli yoyote unayotaka, uichungulie ndani na kuibadili, umpe mwenzio nakala, na ukishaitengeneza upya, umpe mwenzio hiyo uliyoitengeneza. Bei haimo humo. Programu huria inaweza kuuzwa, na wapo wanaosomesha watoto kwa kuifunga, kuirekebisha na kufundisha watu kuitumia.

Kuna atakayesema, mimi siandiki programu, huo msimbo utanisaidia nini? Jibu liko mashambani. Mkulima wa Tandahimba, mashine yake ya kupulizia salfa ikizimika katikati ya mikorosho wakati ubwiriunga umeshaanza kushika maua, anatoa plagi anaisugua, anafungua kabureta anaisafisha, na ikimshinda anaipeleka kwa fundi wa kijijini. Hapigi simu kiwandani kuomba ruhusa. Hata yule ambaye hajawahi kushika spana maishani anafaidika, kwa sababu mafundi ni wengi na bei inajadilika. Sasa itieni mashine hiyo kompyuta, na kompyuta hiyo muifunge. Wakulima wa Marekani yamewakuta kwa matrekta ya John Deere: trekta inasimama shambani kwa hitilafu ndogo, na programu ya kusoma hitilafu iko kwa wakala peke yake. Walipigana miaka. Januari 2023 kampuni ilitia saini makubaliano na chama cha wakulima cha American Farm Bureau Federation, na bado Januari 2025 serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara ikaipeleka mahakamani kwa suala lilelile la matengenezo.

Mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa inayokiendesha kifaa. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL, ile ya Stallman, inayosema: tumia, badili, gawa, ila ukimgawia mtu mpe na msimbo, usije ukamfungia yeye mlango uliofunguliwa wewe. Kiini hicho ni Linux. Simu ya kwanza ya Android ilitoka 2008, na ndani yake kilikuwemo kiini hicho. Kila simu ya Android iliyoko ukumbini humu, iwe Tecno, Itel au Samsung, inaendeshwa na kazi ya maelfu ya watu waliokubali kuitoa kwa masharti hayo. Kwa leseni ile, anayekuuzia simu anawajibika kutoa msimbo wa kiini hicho. Wapo watengenezaji wa simu za bei nafuu wasiotimiza, na bila msimbo huo hata mtaalamu aliye tayari kuiongezea simu maisha anafanya kazi gizani.

Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Kama ndani ni huria, mbona nje kumefungwa? Kisa cha smart kitochi kitatufundisha zaidi kuliko kitabu.

Mnazikumbuka zilivyoingia nchini mwaka 2019. Simu ya vitufe, tochi, betri inakaa, na ndani ina WhatsApp. Kwa mvuvi wa Msangamkuu na mama wa Newala ilikuwa neema. Mfumo wake uliitwa KaiOS, na ulijengwa juu ya msimbo wa Firefox OS, mradi huria wa Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox. Mozilla iliacha kuuendeleza mfumo huo kwa simu mwaka 2016, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine wakauokota wakatengeneza simu kwa ajili ya watu wa kipato cha chini duniani. Huo ni ushindi mkubwa wa programu huria na natamani usemwe zaidi. Lakini WhatsApp yenyewe haikuwa huria. Juni 2024 ikasimamishwa kupakuliwa kwenye KaiOS, na mapema 2025 hata waliokuwa nayo huduma ikafika mwisho. Simu haikuharibika. Kitufe kinabonyezeka, kioo kinawaka, laini inasoma. Aliye na ujuzi wa kuandika programu nyingine ya kuzungumza na watu walewale wa WhatsApp hana ruhusa ya kufanya hivyo. Linganisha na barua pepe: programu yako ikiachwa na aliyeitengeneza, unahamia nyingine jioni hiyohiyo na anwani za watu wako unazo. Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa chake kimejengwa kwa msimbo huria, mpongeze, kisha muulize: na zile huduma ambazo mteja amekinunulia kifaa hicho, funguo zake anazo nani?

Nilisema Kusini tunaumia zaidi. Kituo cha matengenezo kilichoidhinishwa na kampuni, mara nyingi utaambiwa kiko Dar es Salaam. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika Somanga, hata hiyo kilomita 500 haikupitika, malori yakalala njiani na abiria wakakwama. Mji ulio mbali hivi unaishi kwa mafundi wake. Na hao ndio wanaofungiwa mlango taratibu. Siku hizi kipuri kinaoanishwa na simu kwa programu: unachukua kioo halisi kutoka iPhone moja, unakifunga kwenye iPhone nyingine ya aina ileile, na simu inaweza kutoa onyo au kuzima baadhi ya mambo, ingawa hakuna waya uliolegea. Fundi kafanya kazi safi, mteja anaona maandishi yale, anadhani kaibiwa. Nimewasikia mafundi wakilalamikia hili kwa uchungu, na wana haki. Heshima ya mtu inaharibiwa na sentensi iliyoandikwa na kampuni ndani ya kifaa cha mteja.

Wenzetu wameanza kuweka sheria. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza kuoanisha vipuri ili kumzuia fundi wa nje, kwa vifaa vinavyouzwa kuanzia 2025. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unawataka wanaouza simu mpya huko wahakikishe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu mauzo ya aina hiyo ya simu yakome, na vipuri kwa miaka saba. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya mkononi zitatakiwa ziweze kutolewa na mwenye kifaa. Na ile chaji ya USB-C mnayoiona sasa hata kwenye iPhone, imekuwa lazima kwenye soko la Ulaya tangu mwisho wa Desemba 2024. Hizi ni sheria za watu wengine kwa soko lao. Hazitulindi sisi moja kwa moja. Ila zinaonyesha kwamba lile neno "haiwezekani kiufundi" halikuwa kweli.

Sasa simu za mkopo. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndizo zinazowaingiza vijana na akina mama wengi kwenye simu janja, na sitaki mtu aondoke akidhani nimewakataza.

Muuza samaki pale feri anatoa kianzio, anabeba simu, analipa kila siku kidogo kidogo. Akipitisha siku, simu inajifunga. Aliyekopesha ana haki ya kulipwa. Hilo halina ubishi, na bila kufuli pengine asingemkopesha mtu asiye na dhamana. Ninachouliza ni vitu vingine. Programu ile ya kufunga, ikiwa ndani ya simu mchana na usiku, inaona nini? Majina ya watu wake? Mahali alipo? Inatuma wapi? Muuza samaki hawezi kujua, na fundi hawezi kumwambia kwa uhakika, kwa sababu msimbo umefungwa. Siku deni linapoisha, je, kufuli linaondolewa kabisa au linanyamaza tu? Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa ajili ya nini. Mkataba wa mkopo unapaswa kuandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka: programu inaona hiki, haioni kile, na siku ya malipo ya mwisho inatoka. Na msimbo wake ungekuwa wazi, tusingehitaji kumwamini mtu kwa maneno. Mtaalamu mmoja wa hapa angeusoma kwa niaba yetu sote.

Kufuli la namna hiyo liko pia kwenye sola za vijijini za kulipa kidogo kidogo. Mwaka 2019 kampuni ya Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi wa sola Tanzania, iliingia kwenye ufilisi. Ilinunuliwa mwaka huohuo na Engie ya Ufaransa. Lakini fikirieni kampuni yoyote ya aina hiyo ikifa bila mnunuzi. Paneli iko juu ya bati, jua linawaka, betri nzima, na namba ya kufungulia haitoki kwa mtu yeyote. Mkataba lazima uwe na jibu la swali hilo kabla mtu hajatoa shilingi ya kwanza.

Najua kuna askari na viongozi wa mitaa hapa, na pingamizi lao ni la maana: mkifungua kila kitu, wezi wa simu watashangilia. Sikubali wizi, na fundi anayefungua simu asiyojua imetoka wapi anamchafua kila fundi. Kufuli la kumzuia mwizi ni jema mradi ufunguo uwe kwa mwenye simu. Neno la siri ni lake, uamuzi wa kuifuta ni wake, na akimuuzia ndugu yake aweze kukabidhi simu na ufunguo pamoja. Ninalolipinga ni kufuli ambalo mwenye simu mwenyewe limemweka nje pamoja na mwizi.

Na lipo la sasa hivi ambalo vijana mnaoandika programu mlifuatilie. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye simu za Android zilizothibitishwa nayo, programu zitakazowekwa hata nje ya duka lake zitapaswa kuwa za mtu aliyejisajili kwake na kuthibitishwa jina, kuanzia 2026 katika nchi chache na baadaye kwingine. Watetezi wa programu huria, wakiwemo F-Droid wanaogawa programu huria za Android tangu 2010, wakapinga. Google baadaye ikasema itaacha njia kwa watumiaji wazoefu. Kwetu hapa programu inatoka simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, bila bando. Mwanafunzi wa VETA akiandika kikokotoo cha kilo za korosho na makato, akampa mjomba wake aliyeko ghala la chama cha msingi, sioni kwa nini lazima apige hodi kwa Google, California, kwanza.

Nisiwaache na madai matupu, kwa kuwa tayari mnaishi na programu huria. Muuguzi wa zahanati akijaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi, takwimu zile zikifika wilayani zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria ya takwimu za afya. Toleo la kwanza la mfumo huo lilizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, sasa mfumo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameurekebisha ufae nchi yetu. Hawakuomba kibali, leseni inawaruhusu. Chuo hichohicho mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria walichora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo hata kijiji cha Nanyumbu kinaweza kuongezwa leo na mtu mwenye simu. Na hakuna kampuni itakayoona faida kuweka menyu za Kimakonde au Kimwera. Kwenye programu huria, mzungumzaji wa lugha hizo akiwa na nia anaanza mwenyewe.

Walimu, la kwenu ni fupi. Windows 10 ilimaliza muda wake wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za maabara za shule hazina sifa za kupokea Windows 11. Kuna atakayewaambia ni takataka. Msizitupe. Zinaweza kuendeshwa kwa Linux Mint au Debian, mifumo huria iliyojengwa juu ya Linux, zikapata ulinzi wa sasa na LibreOffice, programu huria ya ofisi, ya kufundishia. Baadhi ya programu za uhasibu zitagoma, na printa moja moja itasumbua. Jaribuni kompyuta moja kwanza kwa muhula mmoja. Linux mnaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilicho ndani.

Waheshimiwa madiwani, kwenu naomba kifungu kimoja katika zabuni. Halmashauri inaponunua mfumo wa kukusanya ushuru au kusajili wakulima, fedha ni za wananchi. Msimbo ukabidhiwe halmashauri, taarifa ziweze kutolewa zote kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, na mkandarasi mwingine aruhusiwe kuutengeneza. Bila hivyo, mkandarasi akipandisha ada mwaka wa pili, mtalipa tu.

Meza ya nyuma kuna flashi zenye Linux Mint na vijana wawili wa kuwaonyesha. Mwenye kompyuta anakili mafaili yake kwanza, kisha aje. Na mwalimu ambaye shule yake haina mtandao aje na kadi ya simu yenye nafasi. Tutamwekea Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, na Wikipedia ya Kiswahili nzima, na ana ruhusa ya kumnakilia mwalimu wa shule ya jirani.